Njia ya kurasa inapokwama: dalili, sababu na tiba kwa walimu wa Lubumbashi

Hapa L'shi walimu wengi wameacha kumtupia mwanafunzi kiungo kimoja kwenye WhatsApp na kumwambia asome. Wanachagua kurasa saba au nane za wavuti, wanazipanga kwa zamu, wanaandika maelezo mafupi kabla ya kila moja, kisha zana ya mtandaoni inaziunganisha kuwa njia. Mwanafunzi anabofya mbele, anabofya nyuma, na kila kituo kinamfikisha kwenye kingine. Wazo hili limeitangulia hata wavuti yenyewe. Mwaka 1945 mhandisi Mmarekani Vannevar Bush alieleza mashine aliyoiita memex, ambayo msomaji angeacha ndani yake mapito yanayounganisha maandishi, ili mwingine aje ayafuate.

Matatizo ninayoletewa na walimu, kuanzia Katuba hadi Kampemba, yanafanana sana, hata kama kila mmoja anatumia zana tofauti. Nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu ninayoitaja kwanza ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi, kwa hiyo usiruke kwenda chini kabla hujaikagua. Mfano wangu ni njia ya somo la historia kuhusu shaba ya Katanga: misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha zamani, kampuni ya migodi ya Union Minière iliyoundwa mwaka 1906, reli iliyofika Élisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1910, mgomo wa Desemba 1941, na kutaifishwa kwa migodi mwaka 1967.

Kabla ya yote: vipimo vitatu

Usibadilishe chochote kwenye njia kabla ya kufanya haya. Hayachukui muda, na mara nyingi yanakuonyesha ugonjwa uko wapi.

Kwanza, nakili anwani ya kituo kinachosumbua, uifungue peke yake kwenye kichupo kipya, nje ya zana. Ikikataa hata hapo, ukurasa wenyewe ndio mgonjwa. Ikifunguka vizuri nje lakini ndani ya njia ikagoma, tatizo liko kati ya zana na ukurasa huo.

Pili, ifungue njia katika dirisha la faragha la kivinjari, ambalo halijui akaunti zako. Kama kwako kawaida inafunguka na kwenye faragha haifunguki, basi ni suala la ruhusa: unaona kwa sababu wewe ni mwenye mali.

Tatu, jaribu kwenye simu ya mtu mwingine anayetumia mtandao mwingine wa simu. Ikifunguka huko, angalia simu yako au mtandao wako kwanza, wala usigombane na zana.

Dalili: kituo ni cheupe, au kinasema «n'autorise pas la connexion»

Hii ndiyo dalili inayoongoza. Mwanafunzi anatuma sauti: «Mwalimu, njia haifunguke, inaniletea weupe tu.» Kituo cha kwanza na cha pili vinasomeka, cha tatu ni cheupe, au kina picha ya uso wenye huzuni na sentensi ya Kifaransa kwamba tovuti fulani haikubali kuunganishwa.

Sababu ya kwanza ni fremu. Zana nyingi za kupanga njia huonyesha ukurasa wa mwingine ndani ya dirisha dogo lililo kwenye ukurasa wa zana, vitufe vya mbele na nyuma vikiwa juu yake. Mwenye tovuti ana uwezo wa kukataa jambo hilo. Seva yake hutuma amri pamoja na ukurasa, ama X-Frame-Options, ama frame-ancestors iliyo ndani ya Content-Security-Policy, na kivinjari kinatii. Amri hizo zina maana. Walaghai walikuwa wanaweka ukurasa wa benki ndani ya fremu isiyoonekana, mtu anadhani anabofya picha kumbe anabofya kitufe cha kuidhinisha malipo. Ndiyo maana benki, mitandao ya kijamii na magazeti mengi makubwa hayakubali kufungwa ndani ya fremu.

Tiba yake ni rahisi: ingia kwenye mipangilio ya kituo hicho, uchague ukurasa ufunguke katika kichupo kipya. Karibu kila zana ina chaguo hilo, ingawa wakati mwingine limefichwa chini ya nukta tatu. Kisha, kwenye maelezo ya kituo, mwambie mwanafunzi: «Ukurasa huu utafunguka pembeni. Ukimaliza kusoma, ufunge urudi hapa.» Usiposema hivyo, wanafunzi wengi wataishia kwenye ukurasa wa pembeni wakidhani njia imekwisha.

Kama kituo ni video ya YouTube, tazama anwani yake. Anwani ya kawaida, yenye watch?v= halafu herufi za video, haikubali fremu. Ibadilishe hivi: baada ya youtube.com/ futa watch?v= uandike embed/, na herufi za video zibaki kama zilivyo. Video itacheza ndani ya njia. Ikikataa hata hapo, mwenye video amezuia isichezwe nje ya YouTube, basi irudishe kwenye kichupo kipya.

Sababu ya pili ni anwani inayoanza na http bila s. Zana yako iko kwenye https, na kivinjari hakiruhusu ukurasa usiolindwa uingie ndani ya ule uliolindwa. Ongeza s, ujaribu. Tovuti nyingi za zamani za vyuo na makumbusho zinazo zote mbili, ila kiungo kilichozagaa ni kile cha zamani.

Sababu ya tatu ni kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) cha kuzuia matangazo kwenye kompyuta yako, au kivinjari cha simu kinachobana kurasa ili kuokoa mega za intaneti. Opera Mini, ikiwa katika hali yake ya kubana zaidi, hutengeneza ukurasa kwenye seva zake kabla haujafika kwenye simu, na sehemu kubwa ya programu za ndani ya ukurasa hazifanyi kazi kama kawaida. Mwanafunzi mwenye kuitumia mwombe afungue njia kwa Chrome au Firefox, au azime kubana kwa muda wa somo.

Simama hapa: kuna viendelezi vinavyojitangaza kwamba vinafuta amri ya kukataa fremu. Usivisakinishe. Vinakuondolea ulinzi kwenye kila tovuti unayofungua, ikiwemo ya fedha zako, na wala havimsaidii mwanafunzi ambaye simu yake haina kiendelezi hicho. Vilevile usinakili ukurasa mzima wa mwingine ukaupandisha kwingine kwa jina lako. Kama tovuti inayokataa ni ya shule yenu, mwite fundi aliyeitengeneza aongeze anwani ya zana yako kwenye frame-ancestors. Ni mstari mmoja kwake, lakini ukigusa mipangilio ya seva bila kuijua unaweza kuiangusha tovuti nzima.

Dalili: mimi naona kila kitu, wanafunzi hawaoni

Angalia kwanza kama njia imechapishwa. Zana nyingi huiweka njia mpya kama rasimu, na mtunzi akiwa ameingia kwenye akaunti yake haoni tofauti yoyote. Kipimo cha faragha kitakuonyesha mara moja.

Inayofuata ni hati ya Google Drive ambayo haijafunguliwa kwa watu. Umeandika jedwali zuri la tarehe za historia ya shaba, umeweka kiungo, na kila mwanafunzi anakutana na ukurasa unaomwambia aombe ruhusa. Fungua mipangilio ya kushiriki, uweke kwamba yeyote mwenye kiungo anaweza kuona. Kuona tu, si kuhariri. Darasa la watu sitini likipewa hati ya kuhariri, jedwali halitafika jioni likiwa zima.

Kisha angalia mwanzo wa anwani yenyewe. Ikianza na file:/// au content:// basi hicho si kiungo cha wavuti, ni mahali pa faili ndani ya kompyuta yako au simu yako. Hili linatokea kuliko watu wanavyodhani: mwalimu amepakua PDF, ameifungua kwenye kivinjari, akanakili anwani iliyo juu. Kwake inafunguka siku zote kwa sababu faili iko kwake. Ipandishe PDF kwenye Drive, au kwenye sehemu ya faili ya zana yenyewe, uchukue anwani mpya.

Wenzetu wa Kasapa, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wana shida nyingine. Makala waliyoipata kupitia akaunti ya maktaba au ya chuo hufunguka kwao, na kwa mwanafunzi wa sekondari hudai malipo. Wakati mwingine anwani hiyo hubeba namba ndefu ya kikao, ambayo hufa unapotoka kwenye akaunti. Tafuta kama mwandishi ameiweka makala hiyo wazi mahali pengine, kwa mfano kwenye HAL, hifadhi ya Ufaransa ambako watafiti huweka kazi zao bure. Ukiikosa, andika muhtasari wako kwenye maelezo ya kituo na uondoe kiungo.

Mwisho, anwani ulizozinakili vibaya. Kiungo kinachoanza na google.com/url? kimechukuliwa kwenye matokeo ya kutafuta na si kwenye ukurasa wenyewe. Kilichobeba fbclid kimepita Facebook. Fungua ukurasa, usubiri upakie wote, ndipo unakili anwani kutoka juu ya kivinjari. Mkia unaoanzia utm_ au fbclid unaweza kuukata. Lakini usikate kila kinachofuata alama ya kuuliza bila kujaribu, maana kwenye tovuti nyingine hiyo namba ndiyo ukurasa wenyewe.

Dalili: kuingia kwenye akaunti ndani ya kituo kunazunguka bila mwisho

Umeweka kituo cha maswali kinachohitaji mwanafunzi aingie kwa nywila. Anaandika, anabofya, anarudishwa kwenye nywila ile ile. Vivinjari kadhaa vya sasa havikubali tovuti iliyo ndani ya fremu kuweka ovyo vidakuzi, yaani faili ndogo zinazomkumbuka aliyeingia. Safari inavizuia kabisa tangu 2020, na Firefox huifungia kila tovuti vidakuzi vyake katika chumba chake. Hakuna cha kurekebisha kwenye simu ya mwanafunzi. Kifungue kituo hicho kwenye kichupo kipya. Na kama kiungo cha njia kimefunguliwa ndani ya Facebook, kile si kivinjari chake cha kawaida: abofye nukta tatu, achague kufungua kwa Chrome.

Dalili: kiungo kilikuwa kizima muhula uliopita, leo kimekufa

Kurasa za wavuti hufa kwa wingi. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa hesabu yake: kati ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013, asilimia 38 hazikuwa zikipatikana tena miaka kumi baadaye. Kwa hiyo njia uliyoitengeneza vizuri bado itahitaji kukaguliwa kila mwanzo wa muhula, kituo kimoja kimoja, kwa macho yako. Vikagua-viungo vya kompyuta hugundua 404 (ukurasa usiopatikana) lakini havigundui ukurasa uliogeuzwa kuwa kitu kingine.

Mara nyingi ukurasa haujafa, umehama. Tovuti imesukwa upya na anwani zimebadilika. Chukua kichwa cha ukurasa, ukiweke ndani ya alama za kunukuu, ukitafute. Mara nyingi utaupata kwenye tovuti ile ile, chini ya anwani mpya.

Usipoupata, nenda Wayback Machine ya Internet Archive. Shirika hilo lilianzishwa San Francisco mwaka 1996, na tangu 2001 mtu yeyote anaweza kuangalia nakala za kurasa lilizohifadhi. Weka anwani iliyokufa, chagua tarehe ambayo ukurasa ulikuwa mzima, uifungue na uisome mpaka chini, maana baadhi ya nakala zina maneno bila picha. Ikiwa nzima, anwani ya nakala hiyo ndiyo utakayoiweka kwenye kituo, na kwenye maelezo useme kwamba ni nakala ya tarehe fulani.

Hapo kuna kazi ya kufanya mapema. Siku unapotengeneza njia, peleka kila anwani kwenye kisanduku cha kuhifadhi ukurasa cha Wayback Machine. Ni bure. Ila usiitegemee peke yake: Oktoba 2024 Internet Archive ilishambuliwa na wadukuzi na huduma zake zikazimika kwa siku kadhaa. Weka pia PDF ya ukurasa kwenye kompyuta yako, kwa matumizi ya darasa lako tu.

Aina ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Tovuti ya makumbusho madogo au ya chama cha wanahistoria haikulipiwa, jina lake likauzwa, na sasa anwani ile ile inaonyesha michezo ya kubahatisha, picha za ngono, au fomu inayodai namba ya siri ya fedha za simu. Kiungo hakijafa, kwa hiyo hakuna zana itakayokupigia kelele. Mtoto wa miaka kumi na mitatu ndiye atakayeigundua.

Simama hapa: ukipata taarifa ya namna hiyo, kiondoe kituo papo hapo, au irudishe njia nzima iwe rasimu, kabla hujaanza kutafuta sababu. Usiendelee kuufungua ukurasa huo ili kuhakikisha. Kama mwanafunzi ameshaandika namba yake ya siri au nywila mahali hapo, aibadilishe leo hii, na mzazi apige namba ya huduma ya mtandao wake wa simu ili akaunti ya fedha izuiwe. Hilo haliko mikononi mwa mwalimu wala fundi wa kompyuta.

Dalili: ukurasa upo, ila majibu ya wanafunzi hayafanani na ninachokijua

Kurasa za Wikipedia na nyingine zinazohaririwa hubadilika. Mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière ni mfano mzuri. Desemba 1941 wagomaji walipigwa risasi Élisabethville, kwenye uwanja wa mpira, na vyanzo havikubaliani kuhusu idadi ya waliouawa. Ukiuliza «waliuawa wangapi?» ukitegemea ukurasa mmoja, jibu la Januari linaweza kuwa tofauti na la Machi, na hakuna mwanafunzi aliyekosea.

Kwenye Wikipedia tumia kiungo cha daima, kilicho kwenye orodha ya zana za ukurasa. Anwani yake ina neno oldid na namba, na siku zote huonyesha toleo lile lile ulilolisoma wewe. Kisha lifanye swali kuwa la maana zaidi: weka kurasa mbili zenye idadi tofauti, umuulize mwanafunzi kila moja imeipata wapi idadi yake. Kwa somo kama hili, kutofautiana kwa vyanzo kunastahili kituo chake chenyewe.

Dalili: onyo kubwa la usalama kwenye kila kituo

Tazama saa ya simu. Simu iliyolala bila chaji muda mrefu huamka na tarehe ya miaka iliyopita, na cheti cha usalama cha kila tovuti kinaonekana kama hakijaanza kutumika. Chrome ya Kifaransa husema wazi: «Votre horloge retarde». Washa tarehe na saa za kujiweka zenyewe, ufunge kivinjari, ufungue tena.

Saa ikiwa sahihi, tazama umri wa simu. Android iliyo chini ya 7.1.1 haina cheti cha mzizi cha Let's Encrypt, huduma inayotoa vyeti bure, kinachoitwa ISRG Root X1, nacho ndicho kinachotegemewa na tovuti nyingi mno, hasa za mashirika madogo na shule. Firefox hubeba orodha yake ya vyeti, kwa hiyo simu hizo zikiweza kuiendesha, kurasa nyingi hurudi. Isipowezekana, mpe mwanafunzi huyo njia ya karatasi ninayoieleza hapo chini. Asibaki nyuma kwa sababu ya simu ya kaka yake.

Wi-Fi za wageni nazo huleta onyo hili kabla hujaingia kwenye ukurasa wao wa kujisajili. Fungua ukurasa wowote wa http, ujisajili, kisha rudi kwenye njia.

Simama hapa: kama onyo linatokea kwa kila simu iliyo kwenye Wi-Fi ya shule na linapotea mkitumia mega, msilipuuze na msiwafundishe wanafunzi kubofya «endelea hata hivyo». Zimeni Wi-Fi hiyo, mwite fundi wa mtandao. Huenda ni kifaa kilichoharibika, huenda ni mtu anayesoma yanayopita.

Dalili: mega zinaisha kabla ya kituo cha nne

Kwa mzazi anayenunua mega za siku, hili ndilo tatizo lenyewe. Njia nzuri isiyofunguliwa kwa sababu ya gharama haijamfundisha mtu chochote.

Pima kwanza. Kwenye kompyuta fungua kituo, bonyeza F12, chagua kichupo cha Réseau, upakie ukurasa upya. Chini utaona jumla ya data iliyohamishwa. Fanya hivyo kwa kila kituo, uandike. Karibu kila mara kituo kimoja au viwili ndivyo vinavyokula kuliko vingine vyote pamoja: video inayojianzisha yenyewe, au ukurasa wa gazeti uliojaa matangazo.

Video ibadilishe kwa maandishi, au iweke mwisho kama kituo cha hiari, na urefu wake uandikwe. Ukurasa wa gazeti utafutie mbadala mwepesi. Mara nyingi toleo la kuchapisha lina maneno yale yale bila mzigo. Kisha angalia kama zana yako inapakia vituo vyote kwa pamoja njia inapofunguliwa tu. Ikiwa na mpangilio wa kupakia kituo kimoja kimoja, uwashe. Ikiwa haina, igawe njia ndefu iwe mbili.

Shule yenye kompyuta hata moja ina tiba kubwa zaidi. Programu ya Kiwix ni ya bure, na inafungua Wikipedia nzima bila intaneti kutoka faili moja la aina ya ZIM. Faili la Kiswahili ni dogo mno likilinganishwa na la Kifaransa, na toleo la Kifaransa lisilo na picha linabebeka kwenye diski ndogo. Lipakue mara moja mahali penye intaneti nzuri, kisha simu hadi simu litasafiri kwa kadi ya kumbukumbu au kwa Xender, bila mega hata moja. Vituo vyako vikiwa makala za Wikipedia, njia inabaki ile ile, ila maelezo yako yanakaa kwenye karatasi: kituo cha kwanza, fungua makala fulani, soma sehemu ya pili tu, jibu hili, nenda cha pili. Karatasi mbili zinatosha, na fotokopi zake ni nafuu kuliko mega za darasa.

Hapo ndipo maelezo ya mwalimu yanapoonyesha thamani yake. Kurasa za watu zinakuja na kwenda. Sentensi tatu ulizoandika kabla ya kituo, zinazomwambia mwanafunzi aangalie nini na kwa nini sasa, hizo ni zako na zinafanya kazi hata ukurasa usipofunguka. Njia yenye viungo kumi bila maelezo ikipoteza vitatu imekufa. Yenye maelezo mazuri hupoteza vitatu na bado mwanafunzi anaelewa jinsi reli ya 1910 ilivyohusiana na mgomo wa 1941.

Dalili: zamu ya vituo imevurugika, au kazi imepotea

Kama zana inapanga kwa majina, kituo cha «10» kitakuja kabla ya «2». Andika 01, 02, 03. Kama unapanga kwa kuburuta, usifanye kwenye simu: kidole kinachosogeza ukurasa huchukua kituo pia. Wawili wakihariri njia moja kwa wakati mmoja, wa mwisho kuhifadhi huwa anafuta ya mwenzake. Kubaliana nani anashika kalamu.

Umeme ukikatika katikati, kilichopotea ni kile ambacho hakikufika kwenye seva. Umeme ukirudi na mtandao bado haujarudi, usiufunge ukurasa. Nakili kwanza maneno yaliyobaki kwenye kioo, uyabandike kwenye hati ya kawaida, ndipo uupakie ukurasa upya. Mwenye busara huandika maelezo yote kwenye hati hiyo tangu mwanzo. Na kompyuta ikizimika ghafla kisha ikawa haiwaki, au ina harufu ya kuungua, usiirudishie umeme kujaribu. Mpelekee fundi.

Dalili: njia inafunguka saa moja baadaye

Kongo ina kanda mbili za saa, na Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Zana inayofungua njia kwa ratiba huenda imechagua Africa/Kinshasa kwa sababu ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Chagua Africa/Lubumbashi.

Dalili: zana yenyewe inafungwa

Zana za aina hii zimekuwa zikizimwa na wenyewe, hata zile zenye watumiaji wengi. Storify, iliyotumiwa na waandishi kupanga habari za wavuti, ilifungwa Mei 2018. Pocket, ya kuhifadhi makala, ilizimwa na Mozilla Julai 8, 2025. Barua ya kuaga huja na tarehe ya mwisho ya kupakua kazi yako, na mara nyingi inaangukia kwenye sanduku la barua ambalo hulifungui.

Kwa hiyo usingoje barua. Tafuta kwenye mipangilio kitufe cha kupakua au kusafirisha data. Ukikikosa, tengeneza mwenyewe jedwali la safu nne: namba ya kituo, anwani, maelezo, nakala ya Wayback. Ukiwa na jedwali hilo, kuhamia zana nyingine ni kazi ya alasiri moja.

Njia ikiwa imebeba majina, picha au alama za wanafunzi, pakua hayo kwanza kisha uyafute kwenye zana kabla ya siku ya kufungwa. Kanuni ya dijitali ya Kongo, amri-sheria (ordonnance-loi) namba 23/010 ya Machi 13, 2023, inazilinda data binafsi. Kama zana haikupi namna ya kufuta, wasiliana na wenye zana kwa maandishi, utunze nakala ya barua, na mwarifu mkuu wa shule siku hiyo hiyo.